Darasa la kusikiliza Ndia Kuu: lipeni, ila msitarajie ushauri

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa dukani. Kikao kimoja cha Jumapili asubuhi ni shilingi 1,500, kahawa na kaimati zikiwemo. Kwa pesa hizo hupewi cheti, hupewi kitabu, na hakuna atakayekwambia umfanye nini mume wako. Unapata mtu wa kukusikiliza dakika tano bila kukukata kauli, halafu nawe unamsikiliza mwingine dakika tano. Basi. Dada yangu aliposikia hivyo alicheka: "Mbona hayo yako barazani bure?"

Hayako. Mimi nimekulia Kibokoni, hapa Mombasa. Baraza ya wanaume nimeisikia dirishani tangu utotoni, na vikao vyetu wanawake vya ukumbini nimevikalia mwenyewe. Kote anayesikilizwa ni mwenye ulimi. Mwenye hadithi ndefu na mzaha mtamu huachiwa nafasi, na aliye na jambo linalomkwama kooni hukaa pembeni na kikombe chake cha kahawa tungu mpaka watu watawanyike. Akithubutu kusema, sentensi ya pili haijaisha ameshapata washauri watatu, na wa nne wa kumwambia kwamba hilo si kitu, yeye yalimkuta makubwa zaidi.

Mimi nauza leso Mtaa wa Biashara, na biashara hii imenionyesha kwamba watu wa huku tunapenda kusema bila kujibiwa. Mwanamke anaingia dukani, anapitisha macho kwenye mji, yaani pambo la katikati ya leso, anashikashika pindo, lakini kinachomfanya afungue mkoba ni jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. "Japo sipati tamaa sikati." "Usisafirie nyota ya mwenzio." Atajifunga, apite mbele ya mlango wa jirani, ujumbe ufike, na jirani hana haki hata ya kuuliza ulikuwa na maana gani. Kesho yake huyo jirani yuko dukani kwangu, anatafuta jina la kumjibu. Mimi nauza, silalamiki. Lakini nilipoambiwa kuna mahali ambapo mtu akisema, mwenzake analazimika kumrudishia alichosema mpaka mwenyewe akubali kwamba kimefika, nikataka kuona.

Darasa liko ghorofani, kwenye nyumba ya zamani, mwendo mfupi tu kutoka Fort Jesus. Ngazi ni za mbao na zimesimama kweli kweli; mwenye magoti mabovu ajipange. Mwalimu ni mama mstaafu aliyefundisha historia sekondari, na alipostaafu akajitumbukiza kwenye falsafa ya Kichina wakati wenzake wakifuga kuku. Ana sauti ndogo. Anapotaka watu wanyamaze hainui sauti, anainua kidole.

Utaratibu ni huu. Mnakaa wanne wanne. Mmoja anasema, mmoja anasikiliza, wawili wanangoja zamu kimya. Simu inawekwa katikati kuhesabu dakika. Msemaji anasema kidogo, anasita. Msikilizaji anaeleza alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na kile anachodhani mwenzake anakihisi. Msemaji anajibu "ndivyo" au "bado". Ikiwa bado, msikilizaji anaelezwa alipokosea, naye anajaribu upya. Kushauri hakuruhusiwi, kusema "hata mimi" hakuruhusiwi, na maswali ya upelelezi hayaruhusiwi. Simu ikilia, aliyekuwa akisikiliza anakuwa msemaji, anachagua wa kumsikiliza, mduara unaendelea.

Hayo hayakutoka Uchina, na Mwalimu hakutuficha. Mzizi wake ni kazi ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa 1902 na kufariki 1987. Mwaka 1951 Rogers alipendekeza katika hotuba kwamba watu wanaobishana wawekewe sharti moja: hakuna kusema lako mpaka kwanza ueleze mawazo na hisia za aliyekutangulia, na yeye mwenyewe aridhike. Mwalimu anapenda pia kutaja kwamba Rogers alisafiri Uchina mwaka 1922, akiwa mwanafunzi, kwa mkutano wa vijana Wakristo Peking. Analitaja kwa furaha sana, kama ushahidi. Ushahidi wa nini sijui. Hata mimi nina shemeji aliyekwenda Guangzhou, akarudi na makontena.

Uchina anaouleta Mwalimu ni wa zamani zaidi. Mwanafalsafa Confucius alizaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo katika dola ya Lu, Shandong ya leo, akafa 479, na maneno yake yalikusanywa katika kitabu cha sura 20 kiitwacho Lunyu. Kijana mmoja darasani akasema, "Mwalimu, Mchina mimi namjua kwa reli aliyotujengea hapa Miritini tu," na watu wakacheka. Mwalimu akamwambia siku akipita makumbusho ya Fort Jesus atazame sahani na vigae vya Kichina vilivyowekwa pale, aone kama Wachina walianza na reli.

Anaanzia kwenye salamu, na hapo ndipo aliponikamata. Tunapokutana huku tunaulizana: hujambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mama ameamkaje. Hakuna anayengoja jibu la kweli. Lakini mtu akikujia na shida yake moja kwa moja bila hizo salamu, unamwona amekuvamia, hata kama shida ni ya haki. Kwa Confucius adabu za namna hiyo, za kukaa, kuinama, kukaribisha mgeni na kuzika maiti, ndiyo njia ya kufikia utu. Mwanafunzi wake mpendwa, Yan Hui, alimuuliza utu ni nini, akajibiwa kwamba ni kujizuia nafsi na kurudi kwenye adabu. Hakutajiwa hisia hata moja. Nilimwelewa mzee huyo kwa sababu ya kazi yangu: leso isiyo na pindo ni kitambaa tu, hata mji uwe mzuri vipi.

Sasa nieleze nililoliona. Yanayosemwa mle hayatoki nje, ni sharti, nami nalikubali. Hili nimeruhusiwa na wenyewe wote wawili.

Kwenye mduara wangu palikuwa na mzee aliyekuwa karani bandarini, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, na kijana wa bodaboda wa steji ya feri upande wa Likoni. Kijana akasema alikuwa akisomea umeme chuoni, mama yake akaugua, pesa za ada zikawa pesa za dawa, naye akapanda pikipiki. Akasita. Mzee akaanza, "Nimekusikia mwanangu, umeacha masomo, na mimi nakushauri..." Kidole cha Mwalimu kikapanda. Mzee akarudi nyuma. "Umeacha masomo kwa ajili ya mama."

"Bado, mzee."

Mimi niliangalia chini. Kijana wa umri ule kumwambia mzee wa umri ule kwamba hajafika! Mzee naye alishituka, akavuta pumzi. "Umechoka na kazi ya pikipiki."

"Bado. Samahani, mzee. Bado."

Mzee akanyamaza muda, dakika zinaenda. Kisha akasema polepole kwamba kijana hakuacha, amesimamisha. Kwamba jamaa wanamwita aliyeshindwa. Na kila wakilisema hilo, yeye anaona hata lile alilomfanyia mama yake halionekani kwa mtu yeyote. Kijana akasema ndivyo. Akalisema mara mbili.

Huyo mzee ana moyo mzuri, na moyo huo alikuja nao. Angeachiwa afanye kwa wema wake mwenyewe, angempa kijana mawaidha ya nusu saa na noti ya chakula cha mchana, na kijana angeshukuru na kuondoka na lake kifuani. Kilichomfikisha ni ile "bado" ya pili na kule kukatazwa kushauri. Ndiyo maana nasema kinacholipiwa pale ni utaratibu. Huruma watu wengi tunayo ya kutosha. Inakosa pa kupitia.

Baadaye Mwalimu akatusomea kauli ya Confucius kuhusu makosa matatu ya mtu aliyekaa mbele ya mkubwa wake. Kusema kabla wakati haujafika ni pupa. Kutosema wakati ukifika ni kuficha. Kusema bila kumtazama mwenzako uso ni upofu. Akaongeza kisa cha wanafunzi wawili waliouliza swali moja: mtu akisikia jambo jema, alitende papo hapo? Zilu akajibiwa, utatendaje papo hapo na baba na kaka zako wako hai? Ran You akajibiwa, ndiyo, tenda. Mwanafunzi wa tatu, Gongxi Hua, akachanganyikiwa, akauliza. Mwalimu wao akasema Ran You hujivuta nyuma, hivyo alimsukuma. Zilu ana nguvu za watu wawili, hivyo alimzuia. Kisa hicho nimekirudia dukani zaidi ya vingine vyote, maana kila msichana wa kazi ninayemwajiri humjibu kila mteja vile vile. Bibi arusi na mama mfiwa wote wanaambiwa, "Hii inauzwa sana."

Mzee wa bandari alifurahia zaidi ile kauli ambayo Confucius anahesabu umri wake: kumi na tano aliazimia kusoma, thelathini akasimama imara, na kuendelea, mpaka sitini ndipo sikio lake likapokea bila ukinzani, na sabini akaweza kufuata moyo wake bila kuvuka mpaka. Mzee akasema, "Mwalimu, mimi sabini nimeshafika. Sitini ndiyo bado."

Ila hawa wanaotuuzia hekima za mbali wana tabia ya kutuchagulia vipande laini, na Mwalimu, pamoja na heshima zangu zote kwake, anayo. Lunyu ni kitabu cha wanaume wakiongea na wanaume kuhusu kutawala. Nilitafuta tafsiri nikaisoma nyumbani, na karibu na mwisho nikamkuta Confucius akisema wanawake na watu duni ni wagumu kukaa nao: ukiwakaribia wanapoteza adabu, ukiwaweka mbali wananuna. Hilo hatukusomewa. Kikao kilichofuata nikalisoma mimi, kwa sauti, zamu yangu ya kusema ilipofika, na nikamchagua Mwalimu anisikilize. Akasikiliza. Akanirudishia kwamba nimeudhika kuona mtu ninayeanza kumpenda hakuniweka kwenye hesabu ya watu anaozungumza nao, na kwamba nimeudhika zaidi kwa kufichwa. Nikasema ndivyo. Jibu hakunipa, na kwa sheria za darasa hakutakiwa kunipa. Nilikwenda nyumbani nimetulia na bado nina hasira, vyote viwili.

Wakati wa kahawa nilimuuliza pia kama Confucius wake angekubali kijana amwambie mzee "bado". Alinijibu kwa kauli nyingine: mtoto anaruhusiwa kumsahihisha mzazi kwa upole, na asiposikizwa anabaki na heshima na kuvumilia. Si jibu kamili. Ile "samahani, mzee" ya kijana ilinijibu vizuri kuliko kitabu.

Kuna jambo jingine ambalo darasa na Confucius hawapatani. Darasa linasema sikiliza chochote. Yeye alimwambia Yan Hui yule yule asisikilize yasiyo na adabu. Na kuna mwanafunzi wake, Zai Yu, aliyekutwa amelala mchana. Confucius akasema mti uliooza hauchongeki, na kwamba zamani alisikia maneno ya mtu akaamini matendo yake, lakini kuanzia huyo atasikia maneno kisha atazame matendo. Hapo nilipiga meza kwa kukubali. Nina mteja anayechukua leso za mkopo za harusi nzima, doti kwa doti, na maelezo yake ya kutolipa ni matamu. Baada ya darasa nilimsikiliza kama nilivyofundishwa, nikamrudishia kila kitu, uchovu wake, aibu yake, mume asiyeleta. Akasema ndivyo, machozi yakamlenga. Deni liko pale pale. Si kasoro ya darasa, ila msije mkadhani kusikilizwa kunawafanya watu walipe.

Kwa mteja mwingine lilifanya kazi ajabu. Alikuja na leso iliyochuja, nyekundu imeingia kwenye nyeupe, sauti iko juu na foleni inatazama. Badala ya kuanza na habari za maji ya moto na sabuni, nilimwambia: umeifua mara moja tu, na ulikuwa umeinunua uvae siku ya mwanao, sasa imekuvunja moyo kabla ya siku yenyewe. Akanyamaza. Akakaa kwenye kiti. Tukaongea kama watu, akachukua nyingine, akaongeza doti mbili za mashangazi.

Wapo wanaoharibu. Kuna wanaorudia maneno neno kwa neno, macho yako kwenye simu ya kuhesabu dakika, "nimesikia ukisema, nimesikia ukisema", na unajua hawajakusikia. Mwalimu huwapiga na kauli mbili. Ya Confucius, kwamba mtu asiye na utu ana shughuli gani na adabu? Na ya Xunzi, mfuasi wa Confucius wa karne ya tatu kabla ya Kristo, kwamba elimu ya mtu mdogo huingia sikioni na kutokea mdomoni, na baina ya hapo ni inchi nne tu. Inachekesha, ila akishawapiga hawaonyeshi wafanyeje. Hapo ningependa mafunzo zaidi na kauli chache.

Malalamiko mengine. Saa tatu iliyotangazwa ni saa tatu na nusu, na anayefundisha kusikiliza angesikiliza saa. Feni moja kati ya mbili inazunguka. Msimu wa kaskazi mtajuta. Karatasi za maelezo ni Kiingereza kitupu, na nakala zimefifia, kwa watu ambao kikao chote wanaongea Kiswahili. Na dakika tano hazitoshi kwa watu wazima wa Pwani. Sisi dakika mbili za mwanzo ni "sijui hata nianzie wapi", na hizo zina kazi yake. Nimependekeza saba kwa waliopita miaka hamsini. Nimeambiwa watalifikiria.

Na jambo hili nalisema kwa uzito. Kama unapigwa nyumbani, au umedhulumiwa nyumba ya urithi, usiende pale kwanza. Confucius alisema katika kusikiliza mashauri, yaani kesi, yeye ni kama wengine, la muhimu ni kufanya mashauri yasiwepo. Maneno mazuri, lakini shauri likishakuwepo nenda polisi, nenda kwa kadhi, nenda hospitali, na darasa lije baadaye. Mwalimu mwenyewe huwaambia watu hivyo mlangoni, na katika hilo namsifu bila masharti.

Linamfaa nani? Linafaa watu wanaoishi nyumba moja na wameshazoea kujibizana kabla mwenzao hajamaliza. Linafaa walimu, manesi, makarani wa kaunta, wauza duka. Halimfai anayetaka kuambiwa afanye nini; huyo atatoka na njaa. Vijana wanalipenda haraka, wazee wanachelewa, lakini mzee akishalikubali anakuwa msikilizaji mzuri kuliko wote, kwa sababu hana haraka ya kwenda popote.

Mimi nilimpeleka mkaza mwana wangu. Sheria ni kwamba jamaa wasikae mduara mmoja mpaka waombe wenyewe, wote wawili. Tuliomba. Yaliyosemwa ni yetu, yalihusu jiko na funguo, na nitakachosema ni kwamba aliniambia "bado, Mama" zaidi ya nilivyotarajia, na kila mara alikuwa na haki yake. Kwa Jumapili ijayo ameomba kwenda peke yake, amchague msikilizaji mwingine. Nimemlipia, na ya tuktuk nimempa.